Majina ya kaunti za Uingereza

Majina ya kaunti za Uingereza ni majina ya maeneo makubwa ambayo nchi ya Uingereza imegawanywa tangu Zama za Kati, kama vile Kent, Devon, Yorkshire, Norfolk na County Durham. Katika makala hii "Uingereza" ni nchi iliyo sehemu ya Ufalme wa Muungano, bila Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini.

Katika lugha ya Kiingereza majina hayo hayafuati kanuni moja. Mengine huishia kwa "-shire", mengine hayana kiishio hicho, na moja hutanguliwa na neno "County". Kwa kawaida jina la kaunti ya Uingereza hujitosheleza: huandikwa "Kent", si "Kent County". Umbo likikosewa, msomaji anaweza kupelekwa mahali pengine kabisa, kwa kuwa majina mengi ya kaunti hizo yalipelekwa pia Marekani na Kanada.

## Asili ya maneno "shire" na "county"

Neno "shire" limetokana na Kiingereza cha Kale, ambamo liliandikwa "scir". Lilikuwa na maana ya eneo lililo chini ya usimamizi wa mtu fulani. Ufalme wa Wessex, ulioko kusini, uligawanywa katika maeneo ya namna hiyo kabla ya karne ya 10. Baadaye utaratibu huo ulienezwa katika sehemu za kati za nchi. Msimamizi wa mfalme katika eneo hilo aliitwa "scirgerefa", na kutokana na neno hilo limepatikana neno "sheriff" la leo.

Neno "county" lilikuja na Wanormani walioteka Uingereza mwaka 1066. Walizungumza aina ya Kifaransa, na waliyaita maeneo yale yale kwa neno lao. Kwa hiyo "shire" na "county" ni maneno mawili yenye maana karibu moja, la kwanza la wenyeji na la pili la watawala wapya. Ndiyo sababu "Derbyshire County" husikika kama kurudia neno lile lile mara mbili.

Kwa Kiswahili neno la kawaida siku hizi ni "kaunti", na husemwa "kaunti ya Kent" au "kaunti ya Derbyshire". Neno "jimbo" au "mkoa" huweza kumchanganya msomaji, kwa sababu kaunti ya Uingereza haina bunge lake kama jimbo la Marekani, wala mkuu wa mkoa kama mkoa wa Tanzania.

## Makundi ya majina

### Majina yenye "-shire"

Kaunti nyingi ziliitwa kwa jina la mji wake mkuu wa zamani, kisha kikaongezwa kiishio "-shire". Mifano ni Bedfordshire kutoka Bedford, Oxfordshire kutoka Oxford, Cambridgeshire kutoka Cambridge na Nottinghamshire kutoka Nottingham.

Katika kundi hili mji na kaunti ni vitu viwili. Mtu aliyesoma Oxford amesoma mjini. Mtu anayeishi Oxfordshire anaweza kuwa mkulima katika kijiji kilicho mbali na mji huo. Kuandika "Oxford County" hakuelezi jambo lolote kati ya hayo mawili.

Katika baadhi ya majina mji haujitokezi wazi:

* Cheshire limetokana na Chester.
* Lancashire limetokana na Lancaster.
* Shropshire linahusiana na Shrewsbury.
* Hampshire limetokana na jina la zamani la Southampton, ingawa mji mkuu wa kaunti ni Winchester. Hadi mwaka 1959 jina lake rasmi lilikuwa kaunti ya Southampton.
* Wiltshire limetokana na Wilton, ambao leo ni mji mdogo tu.
* Berkshire halikutokana na mji wowote. Jina lake linahusishwa na msitu wa zamani.

### Majina yasiyo na "-shire"

Kaunti nyingine zilikuwa na jina kabla ya utaratibu wa "shire" kuenea. Baadhi zilikuwa falme au makazi ya kabila fulani:

* Kent ulikuwa ufalme, na jina lake ni la kale kuliko Kiingereza chenyewe.
* Essex, Sussex na Middlesex ni majina ya Wasaksoni wa mashariki, wa kusini na wa katikati.
* Norfolk na Suffolk maana yake ni watu wa kaskazini na watu wa kusini.
* Cornwall na Devon yametokana na majina ya makabila ya Wakelti.
* Northumberland, Cumberland, Westmorland, Rutland na Surrey nayo hayachukui "-shire" katika Kiingereza cha leo.

Kwa hiyo hakuna "Kentshire" wala "Essexshire". Mwanafunzi hawezi kubuni jina kwa kuongeza kiishio; inambidi ajue jina lenyewe.

### County Durham

Durham ni kaunti ya pekee ya Uingereza ambayo jina lake la kawaida hutanguliwa na neno "County". Kwa karne nyingi eneo hilo lilitawaliwa na askofu wa Durham, aliyekuwa na madaraka yanayofanana na ya mfalme. Liliitwa kaunti ya palatino, na madaraka hayo ya askofu yaliondolewa mwaka 1836. Mji wa Durham una jina lile lile, hivyo neno "County" husaidia kutenganisha kaunti na mji.

Mpangilio huo unafanana na ule wa kisiwa cha Ireland, ambako husemwa "County Cork" au "County Down". Lakini hauendi kwa kaunti nyingine za Uingereza: "County Kent" na "County Essex" si Kiingereza cha kawaida cha leo.

Neno likihamishiwa mwisho, mahali hubadilika. "County Durham" iko kaskazini-mashariki mwa Uingereza. "Durham County" iko katika jimbo la North Carolina, Marekani.

### Majina mapya

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1974, ilileta majina yaliyoundwa upya. Miongoni mwake ni Greater Manchester, Merseyside, West Midlands, Tyne and Wear na Cumbria. Yorkshire, iliyokuwa kaunti kubwa kuliko zote, iligawanywa. Leo kuna North Yorkshire, South Yorkshire, West Yorkshire na East Riding of Yorkshire. Neno "riding" maana yake ya asili ni theluthi, kwa kuwa Yorkshire ya zamani ilikuwa na sehemu tatu.

## Neno "County" liwekwe wapi?

Kosa la kawaida kwa waandishi wa Afrika Mashariki hutokana na mazoea mazuri ya nyumbani. Nchini Kenya katiba ya mwaka 2010 ilianzisha kaunti 47, na kwa Kiingereza cha Kenya huandikwa "Nakuru County" au "Kisumu County". Nchini Tanzania huandikwa "Kigoma Region". Marekani pia hutumia mpangilio huo. Hizo ni desturi sahihi katika nchi hizo, lakini hazifai zikihamishiwa Uingereza.

Kwa Uingereza maumbo yanayokubalika ni haya:

1. Jina peke yake: "She lives in Kent."
2. Jina baada ya "the county of", hasa katika maandishi rasmi: "the county of Kent".
3. "County" kama sehemu ya jina la taasisi: "Kent County Council". Hapa neno "County" linafungamana na "Council", yaani halmashauri ya kaunti. Halifungamani na "Kent".

Umbo la tatu ndilo linalowapotosha wengi. Msomaji huona "Kent County Council", akakata neno la mwisho, akabaki na "Kent County". Lakini kaunti zinazoitwa "Kent County" ziko Marekani, kwa mfano katika majimbo ya Michigan, Delaware na Maryland. Vivyo hivyo "Essex County" iko New Jersey na pia Massachusetts, na "Suffolk County" iko New York na pia Massachusetts. Anayetafuta chuo, ndugu au kumbukumbu za ukoo kwa jina lililogeuzwa hivyo hupata majibu kutoka upande wa pili wa Atlantiki.

Mashabiki wa mpira wa miguu hukutana na "Derby County" na "Notts County". Hayo ni majina ya klabu, si ya mahali. Derby ni mji ulio katika Derbyshire, na klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1884 kutokana na klabu ya kriketi ya kaunti ya Derbyshire. Notts ni kifupisho cha Nottinghamshire. Mtu anaweza kuishangilia Derby County, lakini hawezi kuishi ndani yake.

## Matumizi ya "the"

Majina mengi ya kaunti hayatanguliwi na "the": "in Surrey", "in Lancashire", "in Greater Manchester". Yanayochukua "the" ni machache, na mara nyingi ni yale yenye neno la kawaida ndani yake:

* "in the West Midlands"
* "in the East Riding of Yorkshire"
* "on the Isle of Wight"

Katika mfano wa mwisho hutumika "on" badala ya "in", kwa sababu mahali hapo ni kisiwa.

## Devon au Devonshire?

Majina machache yamekuwa na maumbo mawili. Vitabu vya zamani huandika "Devonshire", "Dorsetshire" na "Somersetshire". Leo majina ya kaunti hizo ni Devon, Dorset na Somerset. Mwandishi wa sasa akiandika kwamba fulani anaishi "Somersetshire", msomaji ataona kama anasoma riwaya ya karne ya 19.

Hata hivyo umbo la zamani limebaki katika majina yaliyokwisha kuthibitika. Mfano unaojulikana kwa wanafunzi wa historia nchini Kenya ni Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923. Waraka huo ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika katika Kenya yatangulie yale ya wahamiaji pale yanapogongana. Uliitwa kwa jina la Victor Cavendish, Duke wa Devonshire, aliyekuwa waziri wa makoloni. "Devonshire" hapa ni sehemu ya cheo chake, na haiwezi kufupishwa kuwa "Devon". Wala cheo hicho hakionyeshi makazi: nyumba kuu ya ukoo wake ni Chatsworth, iliyoko Derbyshire.

Shropshire nayo ina jina la pili, Salop. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1980 Salop lilikuwa jina rasmi la kaunti, kisha Shropshire likarudishwa.

## Matamshi

Neno "shire" likisimama peke yake hutamkwa karibu na "shaya". Likiwa kiishio cha jina la kaunti hupoteza mkazo, likasikika kama "sha", au kwa baadhi ya wasemaji "shia". Kulitamka "shaya" mwishoni mwa kila jina ni alama ya kwanza inayoonyesha kwamba msemaji amelijua jina kwa kulisoma tu.

Baadhi ya majina yana herufi zisizosikika au zinazosikika tofauti na zinavyoandikwa. Matamshi yafuatayo ni ya kukaribia, kwa sauti za Kiswahili:

* Leicestershire: *Lestasha*
* Gloucestershire: *Glostasha*
* Worcestershire: *Wustasha*
* Warwickshire: *Woriksha*
* Derbyshire: *Daabisha*
* Berkshire: *Baaksha*
* Hertfordshire: *Haatfodsha*
* Cheshire: *Chesha*
* Norfolk: *Nofok*
* Suffolk: *Safok*
* Durham: *Daram*

Katika Derbyshire, Berkshire na Hertfordshire herufi "er" za mwanzo hutamkwa "aa". Wamarekani hutamka majina hayo jinsi yanavyoandikwa. Ni sahihi kwa mahali pa Marekani penye jina hilo, si kwa kaunti ya Uingereza.

Matamshi hayabadilishi tahajia. Katika maandishi ya Kiswahili jina hubaki "Leicestershire", halipaswi kuandikwa "Lestasha".

## Vifupisho

Baadhi ya kaunti zina vifupisho vya mazoea, vinavyotumika katika anwani, orodha na ramani. Haviundwi kwa kukata herufi za kwanza tu, hivyo ni lazima vijulikane kimoja kimoja:

* Beds: Bedfordshire
* Berks: Berkshire
* Bucks: Buckinghamshire
* Cambs: Cambridgeshire
* Co. Durham: County Durham
* Glos: Gloucestershire
* Hants: Hampshire
* Herts: Hertfordshire
* Lancs: Lancashire
* Leics: Leicestershire
* Lincs: Lincolnshire
* Northants: Northamptonshire
* Notts: Nottinghamshire
* Oxon: Oxfordshire
* Staffs: Staffordshire
* Wilts: Wiltshire
* Worcs: Worcestershire

Kifupisho "Oxon" kimetokana na jina la Kilatini la Oxford, na "Hants" kimetokana na umbo la zamani la Hampshire. Majina mafupi kama Kent, Essex, Devon na Surrey hayafupishwi. Haifai kufupisha "Leicestershire" kuwa "Leicester", kwa kuwa Leicester ni mji.

Katika barua ya kawaida au insha ni bora jina liandikwe kamili. Katika anwani za posta kaunti si ya lazima tangu mwaka 1996. Mji wa posta na msimbo wa posta hutosha.

## Kaunti ipi, na ya mwaka gani?

Jina sahihi linaweza pia kuwa kosa likitumika kwa wakati usio wake. Uingereza ilikuwa na kaunti 39 za kihistoria. Leo kuna kaunti 48 za sherehe, ambazo kila moja ina mwakilishi wa mfalme, na kando yake kuna maeneo ya halmashauri ambayo mipaka yake si lazima iwe ile ile.

William Wilberforce, aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa bungeni, alizaliwa Hull mwaka 1759. Hull wakati huo ilihesabiwa katika Yorkshire. Kuanzia mwaka 1974 iliwekwa katika kaunti mpya ya Humberside, na kaunti hiyo ikafutwa mwaka 1996. Kuandika kwamba Wilberforce alizaliwa Humberside ni kumpa kaunti ambayo haikuwapo hadi zaidi ya miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake. Inafaa kuandika "Hull, Yorkshire", na ikihitajika kueleza kwamba kwa sherehe mji huo leo umo katika East Riding of Yorkshire.

Mabadiliko mengine yanayosumbua waandishi ni haya:

* Middlesex ilifutwa kama kaunti ya utawala mwaka 1965, na sehemu yake kubwa ikaingia katika Greater London. Jina limebaki katika kriketi na katika chuo kikuu.
* Manchester ilikuwa katika Lancashire hadi mwaka 1974. Sasa ni sehemu ya Greater Manchester.
* Coventry ilikuwa katika Warwickshire hadi mwaka 1974. Sasa iko West Midlands.
* Bristol ilikuwa sehemu ya kaunti ya Avon kati ya 1974 na 1996. Leo ni mji wenye hadhi ya kaunti, hadhi iliyopewa kwanza mwaka 1373.
* Rutland iliunganishwa na Leicestershire mwaka 1974, ikarudishiwa halmashauri yake mwaka 1997.
* Cumberland na Westmorland ziliingizwa katika Cumbria mwaka 1974. Mwaka 2023 majina hayo yalirudi katika halmashauri mbili mpya, Cumberland na Westmorland and Furness, lakini Cumbria imebaki kaunti ya sherehe.

Kwa wasifu wa mtu, utaratibu ulio salama ni kutumia jina la kaunti la wakati wa tukio. John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Ziwa Nyanza mwaka 1858, alizaliwa Devon mwaka 1827, akafa Wiltshire mwaka 1864, akazikwa Somerset. Kaunti hizo tatu zipo hadi leo, hivyo maelezo zaidi hayahitajiki.

Si kila "-shire" iko Uingereza. David Livingstone alizaliwa Blantyre katika Lanarkshire, na hiyo ni Uskoti. Pembrokeshire iko Welisi.

## Majina ya wenyeji na vivumishi

Jina la kaunti mara nyingi hutumika kama kivumishi bila kubadilika: "a Kent village", "a Yorkshire farmer". Baadhi ya kaunti zina vivumishi vyake: "Cornish" kwa Cornwall, "Kentish" kwa Kent, "Cumbrian" kwa Cumbria na "Northumbrian" kwa Northumberland. Mwenyeji wa Lancashire huitwa "Lancastrian", na wa Shropshire "Salopian".

Kutokana na Devon limepatikana jina "Devonian", ambalo wanajiolojia waliipa enzi moja ya historia ya dunia mwaka 1839 baada ya kuchunguza miamba ya kaunti hiyo.

## Muhtasari wa makosa ya kawaida

* Si "Kent County". Ni "Kent" au "the county of Kent".
* Si "Durham County" wala "Durhamshire". Ni "County Durham".
* Si "Yorkshire County". Ni "Yorkshire", au sehemu yake ya leo, kwa mfano "West Yorkshire".
* Si "Cambridge County". Ni "Cambridge" kwa mji na "Cambridgeshire" kwa kaunti.
* Si "the Essex", ni "Essex".
* Si "in West Midlands". Ni "in the West Midlands".
* Si "Devonshire" kwa kaunti ya leo, ni "Devon". Lakini cheo hubaki "Duke of Devonshire".
* Si "Northumbria" kwa kaunti, ni "Northumberland". Northumbria ulikuwa ufalme wa kale, mkubwa kuliko kaunti hiyo.

## Tazama pia

* Kaunti za Kenya
* Ufalme wa Muungano
* Historia ya Uingereza
* Waraka wa Devonshire